Badiliko la kweli halitoki kwenye ncha ya fimbo

Kila mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, kuna ibada moja ndogo ambayo hutendeka kimyakimya katika madarasa yetu. Mtoto hufungua daftari jipya ambalo bado linanukia duka, akaandika katika ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa rula: Mwaka huu sitachelewa. Mwaka huu nitadurusu kila usiku. Mwaka huu sitanakili hesabu za mwenzangu. Wengine hutia hata sahihi. Lakini kufikia mwisho wa Machi, mvua za masika zinapoanza kuinyeshea miteremko ya Mlima Kenya kutoka Embu hadi Meru, ukurasa ule huwa umekwisha kuchanwa na kufungiwa karanga.

Nimelishuhudia jambo hilo kwa miaka mingi, maana nimefundisha katika shule za msingi za pande hizi tangu mwaka 1992 hadi nilipostaafu. Wala si watoto peke yao. Walimu nao huahidi kusahihisha vitabu kwa wakati. Wazazi huahidi kuacha ulevi. Shule nazo, hasa zinapokaribia mitihani ya kitaifa, huwaalika wahamasishaji kuja kuwatia watahiniwa moyo. Msemaji hodari husimama mbele ya ukumbi, akawafanya vijana wacheke, walie, warukeruke na kuapa kwa sauti moja kwamba wamebadilika. Wiki mbili baadaye, aliyekuwa akisinzia darasani anasinzia tena.

Simdharau msemaji huyo. Cheche ni kitu cha maana, na bila cheche hapana moto. Hata hivyo, cheche iangukayo kwenye kuni mbichi hutoa moshi wa kitambo tu, kisha ikazimika. Swali ambalo ningependa tulitafakari leo, walimu wenzangu nanyi wanangu wanafunzi, ni hili: binadamu huipata wapi ilhamu ya kubadilika, na ni kitu gani kinacholifanya badiliko lidumu baada ya vigelegele kwisha?

Ili nisije nikawa yule nyani asiyeona kundule, nitaanza kwa kuungama langu.

Nilikuwa mwalimu wa fimbo. Sisemi hivyo kwa majivuno, wala sisemi kwamba nilikuwa peke yangu. Enzi hizo wazazi wenyewe walituletea watoto wakisema, "Mwalimu, huyu ni wako, ngozi kwako mifupa kwangu." Nilichapa aliyechelewa, aliyekosa hesabu, aliyezungumza na hata aliyenyamaza nilipotaka azungumze. Matokeo ya darasa langu yalikuwa mazuri, nikapongezwa mara kadhaa katika mikutano ya wazazi. Nilidhani kwamba kazi yote hiyo ilikuwa imefanywa na ile fimbo ya mfulusadi.

Mwaka 2001 serikali iliondoa kanuni zilizoruhusu viboko shuleni, na Sheria ya Watoto ya mwaka huo huo ikampa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya mateso. Waraka ulisomwa katika chumba cha walimu. Tuliusikiliza kwa adabu, tukanywa chai, tukarudi madarasani. Mimi niliichukua fimbo yangu kutoka mezani nikaiviringisha ndani ya ramani ya Afrika iliyokuwa nyuma ya kabati. Mkaguzi alipokuja aliona ramani. Watoto walijua kilichokuwamo. Kila niliponyoosha mkono kuelekea Afrika, darasa zima lilishusha pumzi.

Sheria ilikuwa imenikataza, lakini haikuwa imenibadilisha.

Mwezi wa Desemba mwaka 2002 nilisafiri kwenda Meru kumtembelea shemeji yangu. Niliposhuka katika kituo cha magari, kijana mmoja mrefu, mwenye mikono iliyokwaruzwa na kamba za mizigo, alinipokea begi langu kabla sijamwita. "Mwalimu," aliniambia, "umenisahau?" Nilikuwa nimemsahau. Aliniambia jina lake na mwaka aliokuwa darasani kwangu, nami nikamkumbuka: mtoto mwenye kigugumizi ambaye mwaka 1998 aliacha kuja shuleni katikati ya muhula. Wakati huo niliandika "mtoro" kando ya jina lake, nikaendelea na orodha. Sasa alikuwa mpakiaji wa miraa katika magari yaliyotoka pande za Maua kwenda Nairobi.

Nilimwuliza, kwa ile sauti ya ualimu ambayo haituachi hata tukiwa safarini, kwa nini aliacha masomo. Alitabasamu. "Mimi sikuacha masomo, mwalimu. Masomo niliyapenda. Niliacha fimbo." Kisha akanibebea begi hadi kwenye gari jingine, akakataa malipo, akanitakia Krismasi njema. Hakukuwa na chuki yoyote katika sauti yake, na hilo ndilo lililonichoma.

Januari iliyofuata, mwaka 2003, elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bila malipo. Darasa langu, ambalo halikuwa limewahi kuzidi watoto hamsini, likafurika hadi wengine wakaketi sakafuni. Kama ilivyokuwa desturi yangu, siku ya kwanza niliwaambia waandike ahadi zao za mwaka. Msichana mmoja wa darasa la saba, aliyekuwa ameketi karibu na lile kabati, akainua mkono akaniuliza kwa unyenyekevu, "Mwalimu, na wewe umeandika nini?"

Sikuwa nimeandika chochote. Kengele ililia, ikaniokoa.

Jioni ile nilimsimulia mwalimu mwenzangu, mama mmoja mzaliwa wa Tharaka aliyenizidi umri na hekima, mambo hayo mawili: kijana wa kituoni na msichana wa kabatini. Hakunilaumu, wala hakunihubiria. Alinisimulia habari ya kwao, na ni habari ambayo kila mwalimu na mwanafunzi wa Kenya anafaa kuijua, kwa kuwa imebeba somo la badiliko kuliko vitabu vingi nilivyosoma.

Mnamo Aprili mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, baraza la wazee wa Njuri Ncheke, likihimizwa na watawala wa kikoloni wa wilaya ya Meru, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Kwa mtazamo wa leo tungelisema kwamba wazee hao walitangulia wakati wao. Amri ilikuwa wazi, ilitoka kwa wakubwa walioheshimiwa, na nyuma yake kulikuwa na mahakama na faini. Nini kilitokea? Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakatahiriana wao kwa wao. Walijipa jina la Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika muda wa miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyewahoji wengi wa wanawake hao katika uzee wao, ameieleza habari hiyo kwa kirefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 2003.

Hebu tuitafakari ajabu hiyo. Kitendo ambacho kilikuwa kikifanywa na mama mzoefu, katika sherehe, kikageuka kuwa kitendo cha vichakani mikononi mwa watoto wasiojua lolote. Marufuku iliyokusudiwa kuwalinda wasichana iliwatia katika hatari kubwa zaidi. Kwa nini? Kwa sababu tohara ile haikuwa kisu tu. Ilikuwa mlango. Msichana alipitia hapo akawa mtu mzima, akapata marika, akapata mafunzo, akapata heshima mbele ya mama yake na bibi yake. Baraza la wanaume lilifunga mlango huo bila kuwauliza wenye kuupitia, wala halikuwaonyesha mlango mwingine. Mtu aliyefungiwa mlango huruka dirishani.

Ilipita miaka arobaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilifanya uchunguzi juu ya mila hiyo katika baadhi ya wilaya za Kenya, Meru ikiwamo. Safari hii walianza kwa kuuliza. Waliwauliza kina mama: ni nini hasa mnachotaka binti zenu wakipate? Jibu halikuwa kidonda. Walitaka binti aelimishwe, atambuliwe kuwa amekua, akubaliwe na jamii. Basi mnamo Agosti mwaka 1996, katika kijiji cha Gatunga kule Tharaka, nyanda kavu za chini ambako watu hulima mtama na uwele na kufuga nyuki, familia zipatazo thelathini zilifanya jambo jipya. Mabinti waliwekwa ndani kwa siku kadhaa kama desturi ilivyotaka. Walifundishwa na wanawake wakubwa juu ya miili yao, afya, adabu, ndoa na heshima. Kisha wakatolewa nje hadharani kwa ngoma, nyimbo, zawadi na maneno ya wazee. Kila kitu kilikuwapo, ila kisu. Waliiita Ntanira na Mugambo, maana yake tohara kwa maneno.

"Hatukuwaambia mama zetu kwamba walikuwa waovu," mwenzangu aliniambia. "Tuliwauliza walichokitaka, tukakitafuta kwa njia isiyoumiza. Tena haikuwa familia moja, mwalimu. Mmoja peke yake angalichekwa hadi akarudi nyuma. Thelathini hawachekwi kwa urahisi."

Msomaji asije akadhani kwamba siku moja ya ngoma ilimaliza jambo. Watafiti walioutathmini mpango huo mwaka 2001 walitambua kwamba sherehe peke yake haikufua dafu. Ilifaulu pale tu ambapo jamii ilikuwa imetangulia kuzungumza, kubishana na kukubaliana. Palipoletwa sherehe bila mazungumzo, watu walishangilia, wakala, kisha wakarudia yale yale. Kazi ya maneno ilitangulia ngoma, na ikaendelea baada ya ngoma. Mwaka 2009 wazee wa Njuri Ncheke nao waliikemea tena mila hiyo hadharani, na mwaka 2011 Bunge likapitisha sheria ya kuipiga marufuku nchini kote. Mara hii amri za wakubwa ziliwakuta watu wengi wakiwa wamekwisha kuanza safari. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100, wa umri wa kati ya miaka 15 na 49, walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15 katika kila 100. Mambo mengi yamechangia, shule, dini, hospitali na sheria, wala kazi haijaisha, kwa kuwa hata mmoja ni mwingi. Lakini tofauti kati ya mwaka 1956 na mwaka 1996 ni tofauti kati ya kumkataza mtu na kumpa mtu.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na mawazo tele. Mwenzangu hakuwa ametaja fimbo yangu hata mara moja, lakini nilijua kwamba hadithi nzima ilikuwa juu ya ile ramani ya Afrika. Tena nikakumbuka jambo la baba yangu, ambalo nililiona kwa macho yangu na nisilielewe.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa katika vilima vya juu ya Runyenjes. Pande za Embu na Meru, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa na wakoloni kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na kwa wazee wa kizazi chake mkahawa haukuwa mti tu. Ulikuwa karo, bati la nyumba na jina la mtu. Mikahawa yake ilikuwa ya aina ya SL28, yenye kahawa tamu lakini isiyostahimili ugonjwa wa kuozesha matunda. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei yalipovunjika, bei ilianguka, na dawa za kunyunyizia zikawa ghali kuliko mavuno. Majirani wengi walikata tamaa, wakaiacha mikahawa imezwe na magugu. Kuing'oa hawakuweza, kwa kuwa sheria ya wakati huo ilimkataza mkulima kung'oa mkahawa.

Baba alichagua njia nyingine. Watafiti wa kahawa kule Ruiru walikuwa wametoa aina mpya mwaka 1985, iitwayo Ruiru 11, yenye kustahimili ugonjwa huo. Badala ya kuanza upya kwa miche, aliyakata mashina yake ya zamani, akangoja yachipue, kisha akapandikiza vikonyo vya Ruiru 11 juu ya machipukizi hayo na kuyafunga kwa utepe wa plastiki. Nilikuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, nikamsaidia. Nilimwuliza kwa nini asitafute namna ya kuiondoa mikahawa ile mizee kabisa. Akanijibu, "Mwanangu, mzizi hauna hatia. Huu mzizi umechimba miaka ishirini kuyatafuta maji. Mbaya ni tawi."

Kwa pupa ya ujana, baada ya siku chache nilifungua tepe za mikahawa kadhaa ili nione kama vikonyo vimeshika. Yote niliyoifungua ilikauka. Baba hakunikemea, alinionyesha tu, akaanza upya. Ile ambayo sikuigusa ilishika, na baada ya misimu kadhaa matunda yalirudi juu ya mizizi ile ile ya zamani.

Usiku ule wa Januari mwaka 2003 nikaelewa. Mzizi wa ukali wangu haukuwa na hatia. Chini kabisa, nilitaka watoto wale wafaulu, watoke katika umaskini, wasiwe kama wale niliowaacha kijijini. Tawi ndilo lililokuwa na ugonjwa. Na ilhamu niliyoihitaji haikuwa ya kunigeuza kuwa mtu mwingine nisiyemjua. Ilikuwa ya kunirudisha kwenye mzizi wangu mwenyewe, kisha nipandikize hapo kitu kingine.

Asubuhi nilimjibu yule msichana mbele ya darasa zima. Niliitoa ramani, nikaifungua, nikaishika fimbo mkononi, nikawaambia: "Ahadi yangu ni kwamba mwaka huu sitamchapa mtu." Hawakuamini. Mimi mwenyewe sikuamini sana. Ndiyo maana nilifanya mambo mengine matatu, ambayo ninayasema hapa kwa sababu ndiyo yaliyonisaidia kuliko ile ahadi yenyewe.

La kwanza, nilimwomba mwenzangu yule wa Tharaka aniulize kila Ijumaa swali moja tu: "Mwalimu, mkono wako umekaaje wiki hii?" Hakukosa hata Ijumaa moja. Kuna siku nilitamani akose.

La pili, nilijiuliza fimbo ilikuwa ikinifanyia kazi gani, kwa kuwa kazi hiyo ingebaki hata fimbo ikiondoka. Kazi yake kubwa ilikuwa wachelewaji. Kwa wiki tatu sikumwadhibu mchelewaji yeyote. Niliandika tu katika daftari jina na sababu. Ndipo nilipogundua, baada ya miaka kumi na mmoja ya kuwachapa, kwamba wengi wao walikuwa wakitumwa na wazazi kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia kabla ya kuja shuleni, na gari la maziwa halikuwa na saa maalumu. Nilikuwa nimemchapa mtoto kwa kosa la gari. Tuliyasogeza mazoezi ya hesabu kutoka kipindi cha kwanza hadi cha tatu, nikazungumza na wazazi, na tatizo likapungua kwa kiasi ambacho bakora haikuwahi kulipunguza.

La tatu, fimbo yenyewe sikuitupa. Niliifanya kijiti cha kuonyeshea mito na milima katika ile ramani iliyokuwa imeificha. Wiki za mwanzo, kila nilipoiinua kuonyesha Mto Tana, watoto wa mstari wa mbele walirudi nyuma. Ilichukua karibu muhula mzima kabla hawajaacha kurudi nyuma. Hapo nilijifunza kwamba mtu hubadilika mara mbili: kwanza ndani yake, kisha machoni pa wale aliowaumiza, na hiyo ya pili hana mamlaka ya kuiharakisha. Ukifungua utepe mapema, kikonyo hukauka.

Sitawadanganya kwamba nilishinda moja kwa moja. Mwezi wa Juni, siku ambayo nilikuwa na homa na darasa lilikuwa na kelele, nilimpiga kofi mvulana mmoja. Mkono ulitangulia akili, kwa kuwa mazoea yana tabu. Nilitoka nje, nikasimama chini ya mgrevilea, nikajiambia kwamba basi, ahadi imevunjika, na mtu wa aina yangu habadiliki. Sauti hiyo, wanangu, ndiyo inayochana ule ukurasa wa kwanza wa daftari lenu kila mwezi wa Machi. Haisemi kwamba umekosa. Husema kwamba wewe ni kosa. Msiisikilize. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilirudi ndani, nikamwomba yule mtoto radhi mbele ya wenzake. Nilitazamia kudharauliwa. Darasa lilinyamaza, kisha yeye akasema kwa sauti ya chini, "Asante, mwalimu," akaketi. Ijumaa ile nilikuwa na jambo la kumjibu mwenzangu, naye alilisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi Ijumaa ijayo nitakuuliza tena."

Sikumpiga mtoto mwingine hadi nilipostaafu. Matokeo ya mitihani ya mwaka ule hayakushuka. Hayakupanda sana pia, wala sitaki kulipamba jambo. Lakini katika darasa lile hakuna jina hata moja nililoliandikia "mtoro".

Nimeyasimulia haya kwa kuwa leo kijana akitafuta ilhamu huambiwa aitafute mbali: katika wasifu wa tajiri wa Marekani, katika kanda za wasemaji, katika misemo iliyoandikwa kwa herufi za kumeta. Siyo mbaya. Lakini ninaamini ilhamu idumuyo hupatikana karibu zaidi, na mara nyingi hutufikia kwa mavazi tusiyoyatarajia. Yangu iliniletea begi langu kituoni Meru. Iliinua mkono karibu na kabati. Ilinisimulia habari za Gatunga katika chumba cha walimu, na ilikuwa imenisubiri tangu ujana katika shamba la kahawa. Kila mmoja wenu anazo hadithi za namna hiyo katika ukoo wake na kijiji chake. Waulizeni wazee wenu, si juu ya yale waliyokatazwa, bali juu ya yale waliyoyaacha kwa hiari, na namna walivyoyaacha.

Nanyi mnaoandika ahadi, zingatieni haya machache. Usiandike tu utakachoacha. Andika utakachoweka mahali pake, maana shimo tupu hujaa maji machafu. Usiahidi peke yako; tafuta hata mtu mmoja atakayekuuliza. Usiuchukie mzizi wako. Mvivu anayetaka kulala ana mwili uliochoka, na pengine dawa yake ni kulala mapema wala si kujitukana. Na ukianguka mwezi wa Juni, kumbuka kwamba Juni si Desemba.

Kwa walimu wenzangu: Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 zimeikataza bakora mara nyingine, na bado sisi sote tunajua kwamba haijatoka katika shule zetu zote. Serikali inaweza kuandika sheria ya nne na ya tano. Haitaweza kuingia nyuma ya kabati la kila mwalimu. Kazi hiyo ni yetu, nayo haifanywi kwa hofu ya mkaguzi, bali kwa kuukumbuka mzizi uliotufanya tuichague kazi hii.

Kila nipitapo kituo cha magari cha Meru hadi leo, humtafuta kwa macho yule kijana aliyenibebea begi. Sasa ni mtu mzima, pengine ana watoto wanaokwenda shule. Sijamwona tena. Ningependa kumwambia jina lake nililirudia katika daftari langu, nikafuta lile neno nililoliandika kando yake. Ningependa pia kumwuliza kama mwalimu wa watoto wake ana ramani darasani, na ndani yake mna nini.